Mama Mkwe Kwenye Kochi

Gari lilikuwa limeegeshwa uani, kwa hiyo Zipora hakuweza kwenda kujisaidia.

Alikuwa amebanwa tangu Kahama. Kondakta alikataa kusimamisha basi kwa ajili ya mama mmoja wa kijijini, na aliposimamisha Kakola kwa ajili ya kijana mmoja mwenye kofia, Zipora aliona haya kuchuchumaa mbele ya abiria wote. Akavumilia mpaka Geita, akijipa moyo kwamba binti yake mkubwa, Rebeka, aliyeolewa huko na mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, ana nyumba yenye choo cha ndani. Nyumba ilikuwepo na choo kilikuwemo. Ila gari jeupe lilikuwa limesimama katikati ya ua, na gari likiwepo maana yake Donatus yupo, na Donatus ni mkwilima wake, mume wa binti yake.

Mama mkwe wa Kisukuma aliyelelewa akaleleka halali nyumba moja na mkwilima. Hali naye, hampi mkono, wala hamwangalii usoni. Zipora aliilinda adabu hiyo tangu siku Rebeka alipoolewa, hata akawa anasifiwa kwayo pale kijijini kwao karibu na Tinde. Basi alisimama nje ya geti, khanga ameivuta mpaka puani, miguu ameibana, huku binti yake mdogo, Loveness, akigonga.

Geti likafunguliwa kidogo. Rebeka akachungulia.

"Mayu! Mbona mmewahi hivi? Mume wangu hajatoka bado."

"Mwanangu, nimebanwa."

"Pita kwa Bhoke hapo pembeni, ni mpangaji wetu. Kuna choo cha wapangaji. Loveness, wewe ingia."

Hakuna aliyesema shikamoo wala pole na safari. Loveness akaingia na begi lake. Zipora akazunguka ukuta, akakikuta choo chenyewe: tundu lililozungushiwa mabati, mlango ni gunia lililolowa chini, na kwenye sakafu kinyesi cha mtu aliyekosea shabaha na kuondoka zake. Inzi wakamrukia wote kwa mpigo usoni. Huyu ndiye mama aliyemzaa mke wa mwenye nyumba ile. Alikuwa bado amechuchumaa humo, khanga ameishika juu isiguse chini, aliposikia sauti ya mkwilima wake ng'ambo ya ukuta.

"Haa! Mke wangu mdogo huyo! Rebeka, hamia jikoni, mwenye nyumba kafika!"

Zipora akacheka peke yake mle chooni. Shemeji kumwita mdogo wa mkewe mke ni utani wa kawaida, hakuna asiyeujua. Yeye mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo na mume wa dada yake, mzee wa watu ambaye maisha yake yote hakumgusa hata ukucha. Alicheka kwa sababu ndivyo inavyopasa.

*

Walikuja kuona chuo. Loveness, miaka kumi na tisa, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha watu binafsi pale mjini, na baba yake, Bujiku, alisema hatoi mtoto kwenda mahali ambapo hakuna aliyepaona kwa macho. Mtoto wa jirani yao alikwishalipia chuo ambacho alipofika alikikuta ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Ada ya Loveness angeilipa Donatus. Alijitolea mwenyewe, kwa simu, mbele ya wajomba, na tangu siku hiyo Bujiku akawa anamtaja mkwe wake kanisani utadhani kamjengea mnara.

Jioni ile chakula cha Zipora kilipitishwa juu ya ukuta. Wali na kipande cha shingo ya kuku, kwenye bakuli la plastiki. Kuku alikuwa wake mwenyewe, amempakata tangu Tinde.

Bhoke, mama wa Kikurya aliyekuwa akikaanga samaki mbele ya chumba chake, alilitazama bakuli lile, akatema mate pembeni.

"Shingo?" akauliza.

"Mapaja ni ya mwenye nyumba," alisema Zipora.

"Sisi Wakurya na mkwe tuna heshima yetu pia, mama. Lakini heshima ya kwenda kunya kwenye gunia na kula shingo, hapana. Hii ni dharau imevaa khanga."

Zipora akaila shingo ile. Alitandikiwa mkeka kwenye kijibanda cha kukaangia, katikati ya madumu ya mafuta, nguo zake zikanuka samaki mpaka kwenye upindo. Bhoke na watoto wake walijaa chumbani hadi mlangoni, hapakuwa na pengine. Hata hivyo Zipora alilala akiwa ametulia, maana aliamini mwanawe yuko kwenye godoro safi, nyumbani kwa dada yake.

*

Asubuhi Loveness alileta chupa ya chai. Hakuketi. Alisimama na chupa mkononi mpaka Bhoke akampokea.

"Mama, leo nitalala na wewe hapa."

"Hapa pananuka, mwanangu. Umelala vibaya?"

"Chumba nilichopewa hakina ufunguo."

"Sasa?"

Loveness akatazama chini. Alikuwa msichana wa maneno mengi, wa kuchambua mahubiri njia nzima kutoka kanisani, na sasa maneno yalimtoka moja moja.

"Shemeji aliingia. Nilikuwa nimeshalala. Akakaa kitandani, akavuta blanketi, akasema anakagua mali yake. Nikapiga kelele. Dada akaja."

"Rebeka akasemaje?"

"Akacheka. Akasema shemeji hana adabu huyu, twende ulale. Akamvuta mkono wakatoka. Halafu shemeji akarudi tena, peke yake. Nikamwambia nitapiga kelele mpaka majirani waje. Akasema piga, nyumba zote hizi ni zangu."

Zipora akainuka. Akaenda nyuma ya kibanda, akatapika. Aliporudi alimkuta Bhoke anageuza samaki wake, ameuma meno.

"Mama Rebeka," alisema Bhoke bila kuinua macho, "mimi nakaa hapa mwaka wa tatu. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka usiku. Wa pili aliondoka na mimba. Sikumwambia mtu. Nasema sasa kwa sababu umelala jikoni kwangu, na ukinitaja nitakana."

*

Chuoni walipokelewa na matroni, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyewatembeza madarasani na kuwaonyesha mdoli wa plastiki ambao wanafunzi hujifunzia kumsafisha mgonjwa. Chuo kilikuwa cha kweli. Kulikuwa na maabara, kulikuwa na wasichana waliovaa sare nyeupe wakicheka kwenye ngazi, na Loveness alipomshika yule mdoli mkono kama anayempima mapigo, Zipora aliona uso wa mwanawe umefunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hilo lilimuuma kuliko matapishi yale.

"Na malazi?" aliuliza Zipora.

"Hosteli imejaa, mama. Wa mwaka wa kwanza wanapanga mtaani. Ila sikushauri, wasichana wanaharibika sana huku machimboni. Una ndugu hapa Geita?"

"Yuko dada yangu," alisema Loveness.

"Kaolewa?"

"Ndiyo."

"Basi una bahati, mwanangu!" Matroni akapiga makofi kidogo. "Mkae kwa ndugu. Kwa ndugu ndiyo salama. Sasa mkuu wa chuo kasafiri, rudini kesho asubuhi mumwone, ndiye anayethibitisha nafasi. Usipomwona kesho anapewa mwingine."

Kwa hiyo usiku wa pili ulikuwa lazima, na Zipora akaamua kwamba watalala gesti, hata kama itakula nauli ya kurudia.

Gesti ya kwanza ilikuwa na maua ya plastiki mapokezini. Mhudumu, kijana aliyenyoa kiduku, hakumtazama Zipora kabisa. Alimtazama Loveness, kuanzia viatu kupanda juu.

"Ya saa au ya kulala?"

"Kulala ni kulala," alisema Zipora. "Tulale, asubuhi tuondoke."

"Wewe na yeye? Chumba kimoja?" Kijana akacheka. "Mama, tuelewane. Ukiniletea binti mpya kama huyu, chumba nakupa bure. Wachimbaji wenye mawe ya dhahabu wakishuka jioni tunagawana. Wamama wenzako ndiyo wanavyofanya."

Zipora alielewa baada ya muda kidogo, maana hakutegemea. Alipoelewa alimshika Loveness mkono wakatoka, na kijana akawapigia kelele kutoka nyuma kwamba wanajishaua na vumbi lao.

Ya pili waliingizwa mpaka chumbani. Shuka ilikuwa bado na ukungu wa jasho la mtu, ndoo ilikuwa na maji ya mtu, na chini ya kitanda kulikuwa na mpira uliotumika, umefungwa fundo vizuri kama wa kuhifadhiwa. Mwenye gesti, mzee mwenye msalaba shingoni, alisema atawageuzia shuka upande wa pili. Ya tatu iliyokuwa safi ilikuwa ya wageni wa mgodini, na bei yake Zipora aliisikia akamshukuru mlinzi, akaondoka.

Akampigia Bujiku simu, wamesimama kwenye kivuli cha duka la nondo.

"Donatus kaingia kwa Loveness usiku," alimwambia.

Bujiku alikuwa zizini. Ng'ombe walisikika nyuma yake.

"Kamfanya nini?"

"Kavuta blanketi."

"Basi?"

"Baba Rebeka, unataka afanye nini ndipo isiwe basi?"

"Zipora, huo ni utani wa shemeji. Wewe hukutaniwa? Mtoto wa sasa akitaniwa anasema kabakwa. Ada analipa nani? Mimi? Kwa mavuno ya mvua gani iliyonyesha? Mwambie binti yako avumilie, amalize kozi, huko mbele atatushukuru."

Huyo ndiye baba yake. Alikuwa akimpenda mtoto huyo, tusimsingizie. Alimpenda, na akamuuza kwa simu iliyobakiza chaji kidogo, kisha akauliza kama dawa ya mifugo Geita ni rahisi.

*

Waliporudi kwa Bhoke, walimkuta amekaa kizembe, samaki wanaungua. Donatus alikuwa amepita.

"Kasema mgeni wake halali kwenye jiko la mpangaji," alisema Bhoke. "Kasema mke wake mdogo analala kwake, na asiyetaka aanze kufunga vyombo. Nina watoto watano, Mama Rebeka. Unisamehe."

Rebeka akatokea getini, amevaa gauni jipya, macho mekundu.

"Loveness, twende. Chakula tayari. Shemeji yako anakusubiri mle."

"Siendi, dada."

"Usinitie aibu mbele za watu. Mayu, mwambie."

"Nimwambie nini?" aliuliza Zipora.

"Mwambie aache ushamba! Ni utani tu!" Rebeka aliteta kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. "Akikasirika huyu mimi ndiye ninayelala naye, siyo ninyi. Ninyi kesho mnapanda basi. Amkubalie tu, acheke naye kidogo, ataridhika."

Zipora alimtazama mwanawe wa kwanza. Alitamani kumpiga kofi na alitamani kumbeba mgongoni, vyote kwa wakati mmoja. Kinyaa alichokuwa nacho kilikuwa kimefika hata kwa mtoto wake mwenyewe, na hilo likamtisha. Loveness akawa analia kimya kimya, ameshika begi, anamfuata dada yake kuelekea getini kwa sababu hapakuwa na njia nyingine iliyobaki. Geti likafungwa.

Zipora alibaki nje. Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima cha kifusi cha mgodi. Alisikia televisheni ikiwashwa, akasikia mtu anaoga akiimba, kisha akasikia, "Mke mdogo, niletee taulo!"

Alikaa akiifikiria ile adabu yake aliyoilinda miaka yote, iliyomfanya asifiwe kisimani na kwenye misiba. Kwa mara ya kwanza aliiona inavyofanya kazi. Yeye, ambaye ndiye pekee angeweza kuiingilia nyumba ile, ndiye adabu ilimweka nje. Yule wa kuogopwa adabu ilimwachia milango yote wazi. Mtu gani aliipanga hivi?

Akavua khanga ya kichwani, akajifunga kiunoni.

"Unakwenda wapi?" Bhoke aliuliza.

"Kulala."

*

Donatus alikuwa sebuleni, amejifunga taulo, kifua wazi, mguu mmoja juu ya meza ya kioo. Loveness alikuwa amesimama mbele yake na jagi la kumnawisha, na mkono wa shemeji ulikuwa nyuma ya goti lake. Rebeka alikuwa anapakua ugali. Alikuwa anaona.

Mlango ukafunguka, mama mkwe akaingia bila hodi.

Kwanza hakuna aliyeamini. Halafu Donatus, mwanamume anayeshuka ardhini kwa kamba na kuwatukana polisi, akaruka kama aliyekanyaga moto. Akageuza uso ukutani. Taulo likamteleza, akalidaka, akalikosa, likaanguka, na mama mkwe wake akayaona makalio yake yote mawili chini ya taa nyeupe.

"Mayu!" Rebeka alipiga yowe. "Mayu, toka! Utamwua!"

Zipora akaketi kwenye kochi. Akachagua lile la mwenye nyumba, lenye kitambaa cha kufumwa, likiwa bado na joto lake. Akanyoosha mkono, akamega tonge kwenye sahani ya mkwilima, akachovya kwenye mchuzi wake, akala.

"Kuku wangu huyu," alisema. "Sikuonja paja lake."

Donatus alikwishajifungia chumbani. Sauti yake ilitoka nyuma ya mlango ikitetemeka, maana wachimbaji wanaogopa mikosi kuliko wanavyoogopa gema, ule ukuta wa shimo, kubomoka.

"Mama, unanilaani! Nimekukosea nini? Nina duara linatoa mawe, nina watu hamsini wananitegemea! Mayu, nakuomba utoke, nitatoa mbuzi, tuyasafishe haya!"

"Nani mke wako mdogo, Donatus?"

Kumwita kwa jina nako kulikuwa mwiko. Nyuma ya mlango ufunguo ukazungushwa mara ya pili.

"Nauliza. Nimesikia una mke mdogo humu, nikasema nije nimsalimie mke mwenza wa mwanangu."

"Ulikuwa utani, mama!"

"Basi na mimi natania. Leo nalala hapa kwenye kochi. Kesho nikikusikia tena unamwita mwanangu mke, nitalala kitandani kwako. Keshokutwa nitakuja mpaka kwenye duara lako, nishuke nikae chini huko, tuone utachimba nini."

Kilichosikika baada ya hapo ni dirisha la chumbani likifunguliwa, kishindo, na mtu akikimbia uani. Gari likawashwa. Bhoke na wapangaji wengine walimwona mwenye nyumba wao akitoka getini amejifunga khanga ya mkewe, na walicheka mpaka mtaa wa pili wakauliza kuna nini. Alipofika barabarani alisimamisha gari, akapiga kelele gizani kwamba ada isahauliwe, hatoi hata mia, labda yule mchawi akauze nyanya.

*

Watatu wale walibaki sebuleni na ugali unaopoa. Zipora hakuinuka kwenye kochi. Alikuwa amefanya jambo ambalo kijijini lingesimuliwa mpaka wajukuu wazeeke, na Bujiku angelisikia kabla hajamaliza kukamua ng'ombe.

"Mmefurahi?" Rebeka alisema. "Nyumba yangu mmeivunja. Na chuo mmekosa."

"Chuo hajakosa," alisema Zipora. "Kesho tunamwona mkuu. Chumba nitapanga, nitakuja kukaa naye mimi mwenyewe, nikaange samaki na Bhoke. Ada tutauza ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Si walikufa na ukame?"

"Wako waliobaki. Wa mahari yako."

Loveness aliinua uso. Uso wake ulikuwa umefunguka tena, vilevile kama chuoni. Rebeka akauona. Alianza kuokota taulo la mumewe sakafuni, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mkono wa gauni jipya ulikuwa umepanda, na juu ya kiwiko palikuwa na alama za meno, nyingine mpya, nyingine zimeshapoa zikawa nyeusi. Zipora aliziona zote.

"Mayu," alisema Rebeka, sauti imekauka, "ng'ombe wale msiwauze."

"Kwa nini, mwanangu? Mdogo wako asome na nini?"

"Sijui. Lakini msiwauze. Nikiondoka kwa huyu mtu atadai mahari yake, na baba akikosa cha kumrudishia atanirudisha mimi."

Loveness alimtazama mama yake, Rebeka naye alimtazama mama yake, na Zipora, aliyekaa kwenye kochi la mkwilima na mchuzi ukimkauka vidoleni, akajikuta anawahesabu ng'ombe wale kichwani, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Aliwahesabu mara ya pili. Walitosha binti mmoja.